Nchi ya Mashoto

Jumamosi, tarehe 14 Machi. Manyunyu yalianza kabla ya mapambazuko na upepo haukuwapo kabisa, hali ambayo sisi tufanyao kazi kwa dobi hatuipendi, maana mashuka hubaki kwenye kamba yakinuka uvundo badala ya kukauka. Nilisali kama kawaida yangu, nikaomba mambo mawili: jua litoke, na kaka yangu asiumie moyo, kwa kuwa ilikuwa siku ya mwisho ya ukumbi wa sinema. Jua lilitoka kabla ya adhuhuri. Ombi la pili Mungu alilijibu kwa namna yake, na hilo ndilo nililokaa kuliandika.

Kaka yangu mtaa mzima unamwita Waziri. Hajawahi kufanya kazi serikalini, hata ya kufagia. Jina alilipata ukumbini, alikoendesha mitambo ya sinema tangu ujana wake mpaka watu walipoacha kuja. Zamani hizo, kabla ya picha kubwa, zilionyeshwa habari za vita. Vita vyenyewe vilikuwa vimekwisha kitambo, lakini tajiri wa ukumbi alikuwa na shehena ya mikanda yake stoo na hakutaka ikae bure. Kwa hiyo mtaani kwetu vita vilichelewa sana kwisha. Watu walitoka sinema wakibishana barabarani juu ya mawaziri waliokwisha fukuzwa kazi na majenerali waliokwisha zikwa. Kaka ndiye aliyewasha moto kila mara. Aliwajua wote kwa sura na kwa mwendo: nani alijiuzulu, nani alimgeuka mwenzake mkutanoni, nani alicheka mbele ya kamera huku nchi yake inateketea.

“Nchi haishindwi na mizinga,” alikuwa akisema. “Nchi inashindwa mezani. Siku waziri anapoogopa kumpelekea mkubwa wake habari mbaya, basi, kazi imekwisha, hata kama askari bado wanaimba.”

Akaja kutugeuza na sisi nyumbani. Kikao cha familia kikawa baraza la vita, ramani mezani. Mkewe, yaani wifi yangu, akawa Waziri wa Chakula. Mimi, kwa sababu ya kusali sana, nikawa Waziri wa Mambo ya Roho. Siku moja wifi aliweka sahani tupu mezani, akasema, “Waziri wa Chakula amejiuzulu. Kuleni ramani.” Kaka alicheka mpaka akapaliwa, kisha akaenda jikoni mwenyewe.

Nikiwa nyuma ya meza ya pasi, na yeye amekaa juu ya furushi la nguo akisubiri zamu yake ya jioni, alinisimulia picha zote alizoonyesha. Alizipenda za rangi nyeusi na nyeupe, ambamo wanaume huvua kofia wakiingia ndani na wanawake hulia bila kuharibu uso. Palikuwa na moja ya mwanamke anayengoja treni ambayo haiji. Kaka aliisimulia vizuri hata mimi nikaunguza kola ya shati la mteja. Mpaka leo nikinusa kitambaa kilichoungua naiona stesheni ile, na mvuke, na mwanamke na sanduku lake.

Lakini kilichomkaa moyoni kuliko vyote kilikuwa kimkanda kifupi, kibubu, kisicho na hadithi. Ni mchezo wa besiboli tu. Mtu anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa rungu, halafu anatimka mbio kuzunguka vituo vitatu na kurudi pale alipoanzia, ambapo wenyewe wanapaita nyumbani. Kaka aliupata mkanda huo kwa mwendesha mitambo aliyemtangulia, akauonyesha kila Jumamosi, watu wapende wasipende.

Sababu yake naijua mimi na wifi tu. Kaka alizaliwa shoto. Utotoni walimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa wakati wa kula, na shuleni walimpiga mkono huo huo akishikia kalamu, mpaka akaacha shule. Ndipo akaona kwenye pazia la sinema uwanja mzima wa watu, na karibu wote wanarusha kwa mkono wa kushoto. Alikuja nyumbani siku ile macho yanang'aa.

“Dada,” aliniambia, “iko nchi ya mashoto. Nimeiona. Mashoto watupu, na watu wanawapigia makofi.”

Mimi nami niliipenda nchi ile. Nilikuwa nakaa kiti cha mbele kabisa, chenye springi iliyotokeza, nikimngoja mchezaji wangu. Mgongoni alikuwa na alama kama bendera kwenye mlingoti, nasi tulimwita Bwana Bendera. Sikujua kusoma wakati huo. Wengi wetu hatukujua.

Basi kaka akaanzisha timu pale pale kwa dobi. Rungu lilichongwa kutoka mguu wa meza. Mpira ulikuwa soksi iliyojazwa vipande vya tairi. Glavu nilishona mimi kwa turubai, zote za kuvaliwa mkono wa kulia, ili wa kushoto ubaki huru kurusha, kama kule kwenye picha. Mtu alipiga mpira, akatimka kuelekea kituo cha upande wake wa kushoto, akazunguka mpaka nyumbani. Wasio mashoto walijifunza kwa tabu. Kaka hakuwa na huruma. “Mkono huo wa kulia uache ukale,” aliwaambia. Wakazeeka, wakaja watoto wao, na sasa ni wajukuu wanaocheza. Hatukuwahi kucheza na timu nyingine kwa sababu hapakuwa na timu nyingine. Kelele zetu za Jumamosi, maji ya sabuni yakitiririka mfereji wa pembeni na wanawake wakishangilia kwa kugonga ndoo, zilitutosha.

Mwaka huu ikaja barua kutoka mji wa jirani. Wameanzisha timu yao, wamepata kocha, na wanaomba kuja kucheza nasi Jumamosi ijayo, tarehe 21. Kaka alifurahi kama bwana harusi. Wakati huo huo tukasikia ukumbi umeuzwa kwa mfanyabiashara wa magodoro. Fundi mmoja, mwanamke kijana, alitumwa kuja kuchukua mikanda yote ya zamani ikahifadhiwe. Kaka alimwomba jambo moja kabla hajaipakia: aionyeshe timu ule mkanda wa besiboli mara ya mwisho, wajikumbushe kabla ya mechi.

“Mzee, kwa hilo tu?” fundi alisema. “Njooni asubuhi.”

Ndivyo tulivyoingia ukumbini leo asubuhi, viatu vinavuja maji. Viti vilikwisha ng'olewa safu za nyuma na kurundikwa ukutani. Pazia lilikuwa na doa kubwa la maji juu, lile lile tulilolizoea, ambalo zamani liliwapitia usoni waigizaji wazuri wote wa dunia. Kaka alitangulia, fimbo mkononi, akigusa viti kimoja kimoja. Macho yake yana mtoto wa jicho. Anaona mtu akipita, lakini hajui ni nani mpaka aseme.

“Kapteni yuko?” aliuliza.

“Nipo, mzee,” alijibu Bonge. Bonge ni nahodha wetu, mpiga pasi mwenzangu. Mwili wake unajaza mlango, na mkono wake wa kushoto unarusha mpira kama kombeo.

“Kaa katikati. Leo uangalie, usilale.”

“Na mwili huu nilale wapi, mzee? Viti vyenyewe vimebaki robo.”

Wifi alikaa kulia kwa kaka akitafuna karanga, mimi kushoto. Taa zikazimwa. Nilisikia projekta ikianza kuhema kule juu, ile sauti ya cherehani, na machozi yalinitoka hata kabla ya picha.

Picha ikaja. Uwanja ule ule, kofia zile zile. Mrushaji akajikunja, akarusha.

Kwa mkono wa kulia.

Mpigaji akaupiga. Akatupa rungu, akatimka upande wa kulia.

Kaka aliinuka nusu. “Wewe fundi! Umegeuza mkanda!”

“Hapana, mzee,” sauti ilitoka kwenye tundu la chumba cha mitambo. “Uko sawa.”

“Nakwambia umegeuza! Mimi nimeuonyesha mkanda huu kabla mama yako hajazaliwa!”

“Mkanda huu una matundu pande zote mbili, mzee. Unakubali kuvishwa vyovyote. Lakini huu ndio upande wake.”

Nilitazama wachezaji wetu. Nilitegemea wapige kelele pamoja na kaka. Hakuna aliyepiga kelele. Bonge alikuwa anatazama viatu vyake.

Kaka alikaa, akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. “Dada,” alisema, “macho yangu ndiyo haya. Wewe siku hizi unasoma. Namba za migongoni mwao zimekaaje? Zimegeuka au ziko sawa? Wewe sema. Nitakuamini wewe.”

Bonge aliinama nyuma yangu. “Shangazi,” alininong'oneza, “sema zimegeuka. Yaishe. Sisi tutajua la kufanya.”

Wifi naye alinyoosha mkono nyuma ya mgongo wa kaka, akanifinya bega. Alijua kama nilivyojua mimi. Mtu alikuwa na nchi moja tu, na mimi nilikuwa nimeombwa niseme kama ipo.

Wakati huo Bwana Bendera alipita kwenye pazia. Alitugeuzia mgongo, akasimama, akarekebisha kofia. Nikaiona bendera yangu. Haikuwa bendera. Ilikuwa nne. Nne nzuri, imesimama vizuri, kama anavyoiandika mwalimu wetu ubaoni. Nikakumbuka mwanzo wa darasa la jioni la watu wazima, nilivyokuwa naandika herufi na namba zote zimeangalia nyuma, na mwalimu akiniuliza kwa upole, “Mama, hizi ulijifunzia wapi, kwenye kioo?” Nilimjibu sijui. Kweli sikujua. Nilijifunzia hapa, kwenye kiti cha springi.

Nilifumba macho. Sala yangu ilikuwa fupi: Mungu wangu, nipe ukweli, na unipe ulimi wa kuusema bila kuchoma.

“Kaka,” nilisema, “namba ziko sawa. Fundi hajakosea. Sisi ndio tuliozoea kuona nyuma mbele.”

Projekta iliendelea kulia kama cherehani. Picha ilipofika mwisho na pazia likawa jeupe, kaka alisimama, akasema, “Nipelekeni juu.”

Ngazi za chumba cha mitambo ni nyembamba. Nilimshika mkono mmoja, wifi mwingine, na Bonge akafuata nyuma kwa ubavu kwa sababu mbele hatoshi. Wenzake walijazana ngazini. Chumba kilikuwa na joto na harufu ya vumbi lililopashwa moto. Ukutani bado palikuwa na misumari aliyotundikia koti lake.

“Nipe ncha yake,” kaka alimwambia fundi.

Fundi alimpa. Kaka alilowesha midomo kwa ulimi, akauweka mkanda katikati ya midomo, akaufunga. Wote aliowafundisha kazi walimjua akifanya hivyo. Mkanda una upande mmoja laini kama kioo, na upande wa pili una dawa inayoshika picha. Upande wa dawa hung'ang'ania mdomo uliolowa. Hata gizani, hata kipofu, hakosei.

Alifanya hivyo mara moja tu. “Uliuvisha dawa ikiangalia wapi?”

Fundi alimwonyesha kwa kuuongoza mkono wake kwenye mashine.

“Sawa,” alisema kaka. “Ndivyo inavyotakiwa. Ndivyo nilivyomfundisha kila aliyepita humu ndani. Mkanda huu peke yake sikuwahi kuutia mdomoni. Niliukuta umeviringishwa kinyume, nikaona nilichokiona, nikakipenda. Nani angependa kukipima?”

Wifi alimpangusa mdomo kwa ncha ya khanga yake. “Basi, baba. Ni mchezo tu.”

“Si mchezo tu,” alisema. “Hiyo nchi haipo.”

“Haipo wapi?” wifi alikasirika ghafla. “Toka hapo nje uwaambie watu wachukue jiwe, uone wanalishika kwa mkono gani. Umeugeuza mtaa mzima, halafu unaniambia haipo!”

“Kweli kabisa,” alisema Bonge. “Mimi mkono wa kulia siwezi hata kujikunia.”

Watu walicheka ngazini, cheko la kuogopa. Kaka hakucheka. Aligeuza uso kuelekea sauti ya Bonge.

“Bonge. Ulipoona picha hukushangaa.”

“Mzee?”

“Nilikuwa nasikiliza. Mimi nimepiga kelele, dada amekata pumzi, mke wangu ameacha kutafuna. Nyinyi kimya. Mlikuwa mnajua?”

Bonge alijifuta jasho. “Mzee, mbona nilikwambia? Mwaka juzi. Nilikwambia nimeona televisheni kwa kinyozi, wanakimbia kulia.”

“Nikasemaje?”

“Ukasema ni propaganda.”

“Na ulipoleta mara ya pili?”

“Sikuleta mara ya pili, mzee. Ulikaa siku nyingi hunisemeshi.”

“Na wengine?”

Ngazini mtu alikohoa.

“Semeni. Hiki ni kikao.”

“Sote tumeona, babu,” ilisema sauti ya binti wa pale chini, ambaye hucheza kituo cha pili. “Tunafanya mazoezi ya kulia uani kwa dobi, asubuhi, kabla mashine hazijawashwa. Jumamosi tungecheza kulia, halafu tungekwambia tumecheza kushoto. Si macho yako hayaoni vizuri? Tulisema wewe ukae upande wa kivuli, tuwe tunakusimulia.”

Nimemwona kaka akizika wazazi wetu. Nimemwona siku ukumbi unafungwa. Sikuwahi kuuona uso wake ulivyokuwa pale. Kuambiwa mkanda ulikuwa kinyume kulimuuma, naam, lakini hili lilimwingia mahali pengine. Alishika ukingo wa meza ya kuungia mikanda, akakaa polepole juu ya kopo la chuma.

“Kwa hiyo,” alisema, “mimi ndiye yule mkubwa.”

“Mkubwa gani tena, baba?” wifi aliuliza.

“Wa kwenye habari za vita. Aliyekaa na ramani yake, na mawaziri wamemzunguka wanamwambia tunashinda, tunashinda. Miaka yote nawacheka watu wale. Nasema wapumbavu, hawakuona? Kumbe hawakuona kwa sababu aliyewaambia walimnunia.”

“Tulikuwa tunakupenda, mzee,” Bonge alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kwa mwili ule.

“Najua. Hata wale pengine walipendwa.”

Nilitaka kusema jambo la kufariji, hata neno nilikuwa nalo tayari, lakini nilihisi moyoni nimezuiwa, nikanyamaza. Fundi alikuwa ameanza kuviringisha mkanda kwa mkono, taratibu, ili mashine isipige kelele. Nje mvua ilikuwa imekatika na mwanga uliingia kwa kidirisha cha pembeni.

Kaka aliuliza, “Kuna yeyote kati yenu anayeweza kurusha kwa mkono wa kulia?”

“Hakuna, babu,” alisema yule binti. “Kurusha tunarusha kushoto. Kukimbia ndiko tulikobadili.”

“Na sheria inakataza kurusha kushoto?”

“Haikatazi,” alidakia fundi. “Hata kwa wenye mchezo wenyewe, mashoto wapo wachache, mzee. Nasikia wanawahofia.”

Kaka alitikisa kichwa, na pembe ya mdomo wake ikapanda kidogo. “Wachache,” alisema. “Wao wana wachache. Sisi tunaingia uwanjani na timu nzima.”

Bonge alipasuka kicheko, na ngazi nzima ikapokea. Wifi alilia na kucheka kwa pamoja, akijifuta kwa ile khanga iliyofuta mdomo wa mumewe. Kaka alingoja watulie. Kisha alisimama bila fimbo, mkono wake wa kulia juu ya bega langu, akainua wa kushoto, mkono ule waliomfunga utotoni, akaunyoosha mpaka vidole vikagusa dari ya chumba kile kidogo.

“Nisikilizeni,” alisema. “Mke wangu yupo, dada yangu yupo, fundi mgeni yupo, na timu yangu ipo. Jumamosi mtakimbia kulia, mchana kweupe, na mimi nitasimama kituo cha kwanza kuwaita kwa sauti. Na kuanzia leo, mtu akiniletea habari mbaya, iwe ya mchezo au ya nyumba au ya mwili wangu huu, sitamwita mwongo wala sitamnunia. Nitamkalisha, nitamsikiliza mpaka amalize. Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu nyote.”